Vifaa saidizi nchini Tanzania

Vifaa saidizi nchini Tanzania ni zana zinazomwezesha mtu mwenye ulemavu, mzee au mgonjwa wa muda mrefu kufanya mwenyewe jambo ambalo bila zana hizo lingemshinda au lingehitaji msaada wa mtu mwingine. Mifano yake ni viti mwendo (viti vya magurudumu), baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, magongo, miguu na mikono bandia, fimbo nyeupe, shimesikio, miwani, lenzi za kukuzia maandishi na mashine za kuandikia nukta nundu. Kwa watu wenye ualbino, kofia pana na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua hutajwa pamoja na vifaa hivyo.

Vifaa vingi vinavyotumika nchini hutoka nje, kwa kununuliwa au kwa msaada. Hata hivyo Tanzania ina nafasi yake katika historia ya ubunifu wa vifaa vya gharama nafuu. Kiti mwendo kinachoitwa Leveraged Freedom Chair, kilichobuniwa na wanafunzi wa Marekani pamoja na mafundi na watumiaji wa Afrika Mashariki, chanzo chake ni safari ya utafiti iliyofanyika Tanzania mwaka 2005.

## Mahitaji

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu kati ya kila 100 wenye uhitaji wanaopata kifaa. Katika baadhi ya nchi tajiri ni 90 kati ya 100.

Nchini Tanzania sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba takribani asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaohitaji kifaa, na wengi wanaokihitaji wanahitaji kitu kidogo kama miwani. Kwa asiyeweza kutembea, lakini, kukosa kiti mwendo kuna maana ya kubaki nyumbani au kubebwa mgongoni. Mtoto anayebebwa kwenda shule akiwa darasa la kwanza huwa mzito mno kubebwa afikapo darasa la nne, na mara nyingi masomo yake huishia hapo.

## Historia

### Mafunzo ya mafundi

Mwaka 1981 kilianzishwa mjini Moshi, kwa msaada wa Ujerumani, chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia kinachojulikana kwa kifupi kama TATCOT. Chuo hicho kiko katika eneo la hospitali ya KCMC na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Baadaye kilianza pia kufundisha ufundi wa viti mwendo kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza.

Motivation lenyewe lilitokana na kazi ya wanafunzi. Mwaka 1989 David Constantine na Simon Gue, waliokuwa wakisoma katika chuo cha sanaa cha Royal College of Art mjini London, walishinda shindano la kubuni kiti mwendo kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Constantine alikuwa mtumiaji wa kiti mwendo baada ya kuumia shingo akiwa kijana. Walipeleka wazo lao Bangladesh na mwaka 1991 wakaanzisha shirika.

Nchini Marekani njia kama hiyo ilipitiwa na Ralf Hotchkiss, aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa mwanafunzi. Hotchkiss alianzisha shirika la Whirlwind, lililowafundisha mafundi wa nchi nyingi kutengeneza viti vyao wenyewe kwa chuma na vipuri vinavyopatikana madukani kwao.

### Leveraged Freedom Chair

Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi mitambo katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti mwendo. Alikuta kwamba watumiaji walikuwa na chaguo mbili, na kila moja ilikuwa na kasoro kubwa.

Kiti mwendo cha kawaida kinafaa ndani ya nyumba, lakini kukiendesha kwenye mchanga, matope au mlima kunachosha mabega haraka, na magurudumu yake madogo ya mbele hukwama kwenye mashimo. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono inakwenda mbali barabarani, lakini ni ndefu na nzito, haiingii mlangoni, na gia yake moja haitoshi kupanda kilima. Aliyekuwa na baiskeli hiyo alilazimika kuiacha nje na kutambaa akifika ndani.

Winter na wenzake walianzisha MIT kozi ya kubuni viti mwendo kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Wanafunzi walifanya kazi na karakana za Afrika Mashariki ambazo baadhi ya mafundi wake ni watumiaji wa viti mwendo, na pia na Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya (APDK). Mafunzo ya kozi hiyo ya mwaka 2009 yamewekwa wazi kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

#### Jinsi kinavyofanya kazi

Kiti hicho kina magurudumu matatu: mawili makubwa ya nyuma na moja dogo lililo mbele sana, ili kiti kisipinduke kirahisi kwenye ardhi isiyo sawa. Kila upande una wenzo mrefu. Mtumiaji anapousukuma wenzo mbele, mnyororo wa baiskeli huzungusha gurudumu. Anapourudisha nyuma, friwili huuachia bila kulirudisha gurudumu. Akiuvuta nyuma kabisa, kipande cha chini cha wenzo hukandamiza tairi na kuwa breki. Ili kukata kona, husukuma wenzo mmoja kwa nguvu zaidi ya mwingine.

Kiti hakina gia za kubadilisha. Kinachobadilika ni mahali mkono unaposhika. Kanuni ni ile ya nyenzo inayofundishwa shuleni: nguvu ya kuzungusha ni kani mara umbali kutoka kwenye egemeo. Mtu akishika sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, mkono wake husafiri kidogo kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kiti huenda kasi. Akishika sentimita 90, kani ileile huzalisha nguvu ya kuzungusha mara tatu, ingawa mkono husafiri mbali zaidi. Hivyo hushika chini kwenye lami na juu kwenye matope au mlima. Gia, kwa maneno mengine, ni mwili wa mtumiaji mwenyewe, na hakuna kitu cha ziada cha kuharibika.

Nyenzo zinaweza kuchomolewa na kuhifadhiwa kwenye fremu. Zikichomolewa, kiti hutumika kama kiti mwendo cha kawaida ndani ya nyumba au ofisini. Sehemu zote zinazozunguka ni vipuri vya baiskeli, kwa hiyo fundi baiskeli wa kijijini anaweza kukitengeneza kikiharibika. Lengo lilikuwa kiti kigharimu takribani dola 200 za Marekani.

#### Majaribio na masahihisho

Mwaka 2009 viti vya kwanza vilijaribiwa na watumiaji wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa miezi kadhaa. Nje ya nyumba vilifanya kazi vizuri. Ndani vilishindwa: vilikuwa vizito mno na vipana mno, na watumiaji walieleza kwamba kiti kisichopita mlangoni hakiwezi kuwa kiti chao cha kila siku. Pia kwenye mteremko na mashimo miili yao iliteleza, hasa kwa wenye majeraha ya uti wa mgongo ambao misuli ya kiwiliwili haiwashikilii.

Wanafunzi walirudi na kubuni upya. Toleo lililofuata lilipunguzwa uzito kwa takribani kilo 9, likafanywa jembamba, likaongezewa mikanda ya kiwiliwili na ya miguu. Lilijaribiwa Guatemala mwaka 2010 kwa kushirikiana na shirika la Transitions, ambalo mafundi wake wana ulemavu, na kisha India pamoja na shirika la BMVSS la Jaipur, linalojulikana kwa mguu bandia wa Jaipur. Kwa mujibu wa wabunifu, kiti hicho kinakwenda kwa kasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 80 kuliko kiti cha kawaida kwenye ardhi tambarare, na kinatoa nguvu ya kuzungusha kubwa zaidi kwa karibu asilimia 50 kwenye ardhi ngumu.

Waliokuwa wanafunzi, akiwemo Tish Scolnik, walianzisha kampuni ya GRIT. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikusanya fedha kwa njia ya mtandao ili kuuza toleo la Marekani kwa watu wanaopenda kwenda mashambani na milimani. Toleo hilo huuzwa kwa maelfu ya dola, bei isiyofikiwa na watumiaji wengi wa Tanzania ambako wazo lilianzia.

### Mafuta ya Kilisun

Mfano mwingine ni mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Yalianzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC. Mafuta ya msaada kutoka nje yalikuwa yakifika kwa vipindi, mengine yakikaribia kuharibika. Kutengenezwa nchini kuliwezesha ugavi wa uhakika, na watumiaji walishirikishwa kupima kama mafuta yanapakika vizuri kwenye joto na vumbi.

## Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, ni mfano wa mazingira ambayo vifaa vingi vya kutoka nje havikutengenezwa kwa ajili yake. Katika sensa ya mwaka 2022 Shinyanga ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.2 na Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, karibu milioni 3. Wengi wao ni wakulima na wafugaji wa vijijini.

### Ardhi

Sehemu kubwa ya Shinyanga ni tambarare kavu yenye udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa pana zinazonasa gurudumu dogo. Wakati wa masika hugeuka tope zito linaloganda kwenye tairi hadi zisizunguke. Geita ina vilima, mawe na barabara za changarawe zinazochimbwa na maji. Kwa sababu hiyo gurudumu la mbele linapaswa kuwa pana na laini, si lile jembamba la plastiki ngumu linalofaa sakafu ya hospitali.

### Uchimbaji wa dhahabu

Ukanda huu una migodi mikubwa, ukiwemo Mgodi wa Dhahabu wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu katika Msalala, pamoja na maelfu ya wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa. Katika uchimbaji mdogo ulemavu huweza kutokea kwa njia kadhaa:

- Maduara yasiyoimarishwa vizuri kwa matimba huporomoka na kuvunja miguu au uti wa mgongo.
- Makarasha ya kusagia mawe hutoa kelele ya siku nzima, na asiyeziba masikio huweza kupoteza usikivu polepole.
- Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mtu asiyeweza kupumua vizuri hawezi kutembea mbali.
- Zebaki inayotumika kunasa dhahabu hudhuru neva na inaweza kuleta mtetemeko wa mikono na kuyumba. Rwamgasa ilikuwa moja ya vituo vya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika uchimbaji mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mchimbaji mdogo mara nyingi hana mkataba wala bima. Akivunjika uti wa mgongo, mzigo wa matibabu na wa kifaa huangukia familia.

### Watu wenye ualbino

Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya kila 1,400. Kanda ya Ziwa ilikuwa kitovu cha mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoongezeka kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008, yaliyochochewa na imani za kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata katika madini na uvuvi. Watoto wengi walipelekwa kwa usalama wao katika Shule ya Msingi Buhangija, manispaa ya Shinyanga, inayofundisha pia watoto wasioona na viziwi, na katika shule ya Mitindo wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza.

Watoto wenye ualbino huwa na uoni hafifu kwa sababu jicho lao halikukua na rangi ya kutosha. Miwani peke yake hairekebishi tatizo hilo kikamilifu. Wengi husoma vizuri wakipewa darubini ndogo ya jicho moja ya kusomea ubaoni, lenzi ya kukuzia kitabu, au maandishi makubwa. Kifaa kisichohitaji gharama yoyote ni kiti cha mbele darasani, mbali na dirisha lenye mwanga mkali.

### Huduma

TATCOT iko mamia ya kilomita kutoka Shinyanga. Wagonjwa wa mikoa hii hutumwa mara nyingi Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, na tangu mwaka 2021 kuna pia hospitali ya kanda Chato mkoani Geita. Kwa matengenezo ya kila siku, wenye vifaa hutegemea wachomeleaji na mafundi baiskeli wa mitaani. Baiskeli zimeenea sana Usukumani, na karibu kila soko lina fundi mwenye spoki, mnyororo na friwili. Kwa mbunifu, huo ndio mtandao wa matengenezo uliokwisha kuwepo, usiohitaji kujengwa.

## Vigezo vya kifaa kinachofaa

Mwaka 2008 WHO ilitoa miongozo ya viti mwendo kwa maeneo yenye uwezo mdogo. Miongozo hiyo inataja hatua nane za huduma: kuelekezwa kwenye huduma, kupimwa, kuchaguliwa kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kuandaa kiti, kukifanyia majaribio mwilini, kumfundisha mtumiaji, na kufuatilia pamoja na matengenezo. Kumkabidhi mtu kiti kwenye sherehe na kuondoka ni hatua moja tu, au hata nusu yake.

Katika mazingira ya vijijini Tanzania, maswali ambayo wanafunzi na wabunifu wanapaswa kuyauliza kwa watumiaji ni pamoja na haya:

1. *Mlango una upana gani?* Vipimo hufanywa nyumbani kwa mtumiaji, si kwa kukisia.
2. *Anafikaje chooni?* Choo cha shimo kina kizingiti na nafasi ndogo. Kiti kizuri barabarani kinaweza kumwacha mtu bila faragha.
3. *Anakaa saa ngapi?* Asiyehisi makalio yake hupata vidonda vya mgandamizo, ambavyo vikiingia wadudu huweza kuua. Kwa hiyo mto wa kukalia ni sehemu ya kiti, si pambo.
4. *Kinasafirije?* Kiti kinachokunjika au kinachochomolewa magurudumu hupanda basi. Kisichokunjika hulipiwa kama mzigo au huachwa.
5. *Nani atakitengeneza?* Kipuri kinachopatikana nje ya nchi pekee huwa mwisho wa kifaa siku kinapovunjika.
6. *Mtoto atakua?* Kiti cha mtoto huhitaji kurekebishwa upana na urefu kila baada ya muda.
7. *Anafanya kazi gani?* Mshonaji, muuza mboga na mkulima hawahitaji kiti cha aina moja.

## Nafasi ya wanafunzi

Wanafunzi wana muda, karakana na walimu, na hawafungwi na haja ya kupata faida haraka. Nchini Tanzania mazingira ya kazi hiyo yapo katika vyuo kadhaa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina studio ya ubunifu inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani katika teknolojia ya afya. Jijini Arusha kuna kituo cha Twende, ambacho mbunifu Bernard Kiwia ni mmoja wa waanzilishi wake, kinachowafundisha vijana kutengeneza zana wenyewe. Mikoani kuna vyuo vya VETA na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Udhaifu wa miradi ya wanafunzi unajulikana pia. Muhula huisha, mwanafunzi huhitimu, na kifaa cha majaribio hubaki bila mtu wa kukirekebisha. Majaribio ya kweli huchukua miezi, kwa kuwa kasoro nyingi hazionekani siku ya kwanza. Mtumiaji anayetoa muda na maarifa yake mara nyingi halipwi wala kutajwa kama mbunifu. Na kifaa kinachoshinda tuzo chuoni kinaweza kisipate kiwanda. Historia ya Leveraged Freedom Chair inaonyesha yote mawili: kasoro za toleo la kwanza ziligunduliwa na watumiaji wa Afrika Mashariki, si kwenye maabara, na utengenezaji wa kudumu ulikwenda nje ya Afrika Mashariki.

## Sheria na fedha

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba inazitaka nchi kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kutembelea kwa gharama nafuu, na ibara ya 4 inazitaka ziendeleze utafiti wa teknolojia hizo. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo pamoja na mengine inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, ikarejeshwa mwaka 2024. Mikopo ni kwa shughuli za kiuchumi, lakini mtu asiye na kifaa cha kumfikisha sokoni au kwenye kikao cha kikundi hunufaika nayo kwa shida.

Vyama vya watu wenye ulemavu, vilivyoungana katika shirikisho la SHIVYAWATA, vinadai kushirikishwa katika kila uamuzi unaowahusu. Katika ubunifu wa vifaa dai hilo lina maana ya moja kwa moja: atakayekikalia kiti ndiye anayejua kama kinapita mlangoni.

## Tazama pia

- Ulemavu
- Ualbino
- Nukta nundu
- Wenzo
- Mkoa wa Shinyanga
- Mkoa wa Geita